Mawazo Kuhusu Mawazo

Nakala ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa kata kuhusu huduma za afya

Mmezoea kuniona hapa nikiwa na matangazo ya maji na leseni za biashara. Leo nimekuja na jambo lisilopimwa kwa dira ya maji.

Lugha yetu ina ajabu yake. Mtu akikonda, akikosa usingizi, akiketi barazani bila kuitikia salamu, twasema, “Ana mawazo.” Hatusemi ni mawazo gani. Kila binadamu ana mawazo, lakini neno hilo likitamkwa kwa sauti fulani, sote twafahamu kwamba panatajwa maradhi. Ndugu zetu wa Zimbabwe nao wanalo neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alipoanzisha mjini Harare, mwaka 2006, utaratibu wa akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya nje ya zahanati, hilo ndilo neno walilotumia, kwa sababu ndilo wagonjwa walilolijua.

Lakini je, kinachotuumiza ni wingi wa mawazo, au ni yale tunayoyaamini kuhusu mawazo hayo?

Nianze na nafsi yangu. Miaka michache iliyopita mdogo wangu alianguka na bodaboda, akavunjika mguu. Alipona, akarejea barabarani kutafuta riziki. Mimi ndiye sikupona. Kila usiku nilikesha nikisikiliza mlio wa pikipiki, nikiyapitia yote yanayoweza kumpata: lori lisilo na taa, mvua, abiria mwenye nia mbaya. Moyoni niliamini kwamba kukesha kwangu kunamlinda. Nikisinzia, basi nimemtelekeza. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliona tu kwamba dada mwenye upendo ndivyo anavyopaswa kuwa.

Baada ya miezi ikaja imani ya pili, nayo ilikuwa mbaya zaidi. Tangu utotoni nilisikia kwamba mawazo yakizidi humtia mtu wazimu. Nikaanza kuyaogopa mawazo yenyewe. Moyo ukidunda, nilisema ndiyo yanaanza. Nilijiona sina uwezo wa kuyazuia, nikaona haya kwenda zahanati, maana nitaonekana nani anione? Afisa mzima wa Halmashauri!

Mwanasaikolojia Adrian Wells wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, amezichunguza imani za namna hii kwa miongo kadhaa. Yeye na wenzake walitunga dodoso, na toleo lake fupi lina sentensi 30. Haziulizi una shida gani. Zaulizia unaamini nini kuhusu kufikiri kwako. Imani nilizokuwa nazo zimo humo: ile isemayo kwamba wasiwasi una faida, na ile isemayo kwamba hauzuiliki tena ni wa hatari. Ya kwanza humwingiza mtu katika wasiwasi, ya pili humfungia mlango asitoke. Kwa maelezo ya Wells, hiyo ya pili ndiyo yenye uzito mkubwa katika maradhi ya wasiwasi.

Mtu atasema, basi nitajilazimisha nisifikiri. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake, huko Marekani, waliwaomba wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na kila anapowajia wapige kengele. Kengele zililia. Tena, waliojizuia kwanza, waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Wazo ni kama kunguru juu ya bati: ukimtupia mawe wajitoboalia paa, ukimtupia mahindi atahamia.

Njia mojawapo inayofundishwa katika tiba ya Wells ni kuuahirisha wasiwasi. Mtu hujiwekea muda, mathalani saa kumi na mbili jioni kwa dakika 15. Wasiwasi ukija mchana haukanushi wala haufuati. Auambia usubiri jioni, kisha aendelee na kupalilia. Jioni ikifika, ana hiari ya kuutumia muda huo au kuuacha. Mimi mara nyingi niliukuta umepoa. Faida yake kubwa si zile saa za mchana nilizopata. Ni kwamba niliona kwa macho yangu kuwa jambo nililodhani halizuiliki limesubiri. Na mdogo wangu alirudi nyumbani salama hata usiku niliolala.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba deni la kausha damu ni wazo tu, au kwamba njaa huondoka ukiiahirisha. Mwenye marejesho kesho ana shida halisi, naye ahitaji kukaa na mtu wapange hatua moja inayowezekana. Akina bibi wa Harare hufanya hasa hivyo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha wagonjwa wao wakipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini kupanga namna ya kulipa kuna mwisho. Kulizungusha deni kichwani hadi alfajiri hakuna mwisho, wala hakupunguzi hata shilingi.

Wala si kila jambo la kuahirisha. Anayewaza kujidhuru, anayesikia sauti wasizosikia wengine, au asiyelala kabisa kwa siku kadhaa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, tena asiachwe peke yake. Hilo halingoji saa kumi na mbili.

Mimi nilikwenda zahanati nikiwa nimechelewa mno, nikisingizia maumivu ya kichwa. Mhudumu alinisikiliza kwanza kuhusu kichwa, kisha akaniuliza kama nalala. Hakuniita mwendawazimu. Alinipa rufaa, nikaitumia.

Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wapo nasi leo. Mkutano ukifungwa watabaki chini ya ule mwembe wa nyuma ya ofisi ya kata, mbali kidogo na watu. Nami nitakuwa hapo karibu, hivyo anayeona haya kwenda peke yake anishike mkono twende pamoja. Mwenye kichwa kinachouma pia aje.