Mkono Mwepesi Tumboni

Wazazi mliotua vikapu mkaja kunisikiliza:

Nianze na jambo mnalolijua kunishinda. Mchumaji wa chai huchuma majani mawili na chipukizi. Akiyabana kiganjani mpaka yajae, au akiyashindilia kikapuni, yanapata joto na kupondeka. Kabla ya kufika kituoni yamekwisha kuwa mekundu. Karani huyamwaga mezani na kuyakataa. Hayakuoza, yameumizwa na mkono.

Tumbo nalo lina jani lake: utando mwembamba, wenye unyevu, unaofunika utumbo na kuta za tumbo ili vitu viteleze bila kukwaruzana. Daktari akiusugua kwa shashi kavu, akiuacha ukauke chini ya taa au akiacha damu humo, hutokwa na utomvu wa kunata, faibrini. Kwa kawaida mwili huuyeyusha ndani ya siku chache. Pale palipoumia sana hauyeyuki. Kovu huota juu yake, na utumbo hugandana na ukuta au na utumbo mwenzake.

Waliofunguliwa tumbo, zaidi ya tisa katika kila kumi hubaki na mshikamano wa namna hii, na wengi hawaujui mpaka kufa. Wengine hurudi, hata baada ya miaka 20, tumbo limevimba, wanatapika kijani, hata upepo hautoki. Kwa mama anayejifungua kwa upasuaji mara ya tatu, daktari huweza kukuta kibofu kimepanda na kunata kwenye kizazi, akakibandua nyuzi kwa nyuzi huku mtoto akingoja. Utafiti wa Uskoti uliochapishwa 1999 uliwafuata kwa miaka 10 watu waliopasuliwa tumbo au nyonga: takriban mmoja kati ya watatu alilazwa tena kwa tatizo lililotokana, au lililoweza kutokana, na mishikamano.

Ipo karatasi laini ya kuwekwa kati ya utumbo na ukuta, ikayeyuka yenyewe. Inasaidia, ila bei yake sitaitaja mbele ya watu wanaolipwa kwa kilo. Mengine ni rahisi: maji ya chumvi yenye uvuguvugu, shashi iliyoloweshwa, tundu dogo badala ya mpasuo mrefu panapowezekana, na glovu zisizo na unga. Unga ule, talki kisha wanga, ulirahisisha kuvaa, lakini kila chembe iliyoangukia tumboni ilialika kovu. Marekani ilizipiga marufuku glovu hizo Januari 2017. Someni boksi.

Mkono mwepesi nao hufunzwa. Hospitali ya Tenwek, Bomet, iliyoanza kwa huduma ya wamisionari mwaka 1937 na kupata daktari wake wa kwanza, Ernest Steury, mwaka 1959, leo hufundisha wapasuaji. Ningepewa uamuzi, popote wanapofunzwa, ningewapima vidole kabla ya vitabu.

Nanyi wazazi, ukipasuliwa, idai karatasi inayosema ulifanyiwa nini. Usiitumie kuwashia jiko. Atakayekufungua tena ataisoma, aanzie mbali na kovu la zamani, mahali utumbo haujanata.