Nususpishi Haikubainika: Mipaka ya Jicho Katika Kumtambua Ndege Mhamaji



Mada yangu jioni hii ni ndege mwenye uzito wa gramu 10 hivi, aitwaye kitaalamu Phylloscopus trochilus. Huzaliana Ulaya na Siberia, na majira ya baridi yakikaribia hushuka Afrika. Wataalamu humgawa katika nususpishi tatu. Trochilus, wa magharibi mwa Ulaya, ana mgongo wa kijani na kifua chenye umanjano. Acredula, anayeenea kutoka Skandinavia hadi Siberia, amepauka zaidi. Yakutensis, wa mashariki mwa Siberia, ni wa kijivu na tumbo lake linakaribia weupe.

Kitabuni, kuwatofautisha ni kazi nyepesi. Porini, rangi hizo hufifia hatua kwa hatua kutoka magharibi hadi mashariki, bila mpaka ulio wazi. Ndege wachanga huwa na umanjano mwingi kuliko wazazi wao. Manyoya yakichakaa, rangi hupauka. Ndege akiwa chini ya majani ya mgunga, mwanga humpaka ukijani asiokuwa nao. Akirukia tawi lililo juani, anaonekana wa kijivu. Ni ndege yuleyule, na dakika haijapita.

Mwaka 1768, Gilbert White wa Selborne, Uingereza, alitenganisha spishi tatu zinazofanana za kundi la ndege huyu akisaidiwa na sauti zao. Kwa nususpishi, sikio nalo halitufikishi mbali, kwa kuwa nyimbo zao zinakaribiana mno. Hata Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ambako ndege wahamaji wamekuwa wakinaswa na kuvishwa pete tangu 1969, kumshika ndege mkononi na kumpima bawa hakumalizi shaka yote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, wamegundua kwamba jenomu za trochilus na acredula zinafanana karibu kote, isipokuwa sehemu chache za kromosomu.

Kwa nini tujali? Kwa sababu jina la nususpishi hubeba safari nzima. Trochilus huelekea Afrika Magharibi. Acredula huja mashariki na kusini. Utafiti uliochapishwa 2018, uliotumia vifaa vidogo vya kupima mwanga, ulionyesha yakutensis wakisafiri takriban kilomita 13,000 hadi upande wetu huu wa mashariki mwa Afrika. Anayeandika "yakutensis" kwa kukisia anachora ramani ya safari ambayo huenda haikuwapo, na anayepanga hifadhi kesho ataitegemea.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi: andikeni mahali, saa, hali ya mwanga, rangi ya tumbo na uchakavu wa manyoya. Ushahidi ukiishia kwenye spishi, andikeni "nususpishi haikubainika". Hayo ni matokeo kamili ya kisayansi, na yanastahili kuwekwa kwenye kumbukumbu kwa heshima ileile.