Ushindi wa Saa Nane za Usiku

Ndugu msikilizaji, usiku wa kuamkia Jumapili iliyopita, yapata saa nane, niliruka kutoka kitandani nikidhani tumevamiwa. Kelele zilitoka chumba cha uani. Nikashika tochi na rungu, mama watoto akanifuata nyuma na mchi wa kinu. Tulipousukuma mlango tulimkuta mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini, amesimama juu ya kiti cha chakula, mikono juu, jasho linamtoka kama aliyetoka kubeba mizigo bandarini.

"Mjomba, nimeshinda!"

Mbele yake palikuwa na kompyuta ya mtumba, usukani uliokazwa kwa vibano kwenye meza yangu ya zamani, na pedali tatu zilizoegemezwa tofali ili zisiteleze. Nikamwuliza ameshinda nini. Akasema mbio za magari. Nikamwuliza mbio za wapi. Akasema Lime Rock, jimbo la Connecticut, Marekani. Nikamwambia azime taa alale, maana watu wana kazi asubuhi.

Msikilizaji, nimekuja hapa leo kusema kwamba nilikosea. Tena si usiku ule tu.

Wiki mbili kabla ya hapo niliamka usiku kunywa maji, nikaona mwanga chini ya mlango wake. Nikawaza jinsi uniti za umeme zinavyokwisha, nikaenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa nikaizima. Nyumba ikawa giza. Kijana hakusema neno, wala asubuhi hakusema. Nimekuja kujua juzi tu kwamba wakati ule alikuwa nafasi ya tatu, imebaki mizunguko miwili. Kwa wenzake waliokuwa wakimwona kwenye skrini zao, gari lake lilitoweka barabarani kama jini. Alikuwa amefanya mazoezi ya uwanja ule kwa siku tisa.

Basi nikaona, kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, niulize kwanza ndipo nihukumu. Nikakaa naye Jumapili mchana, akanieleza.

Kwa wale ambao hawajapata kuona jambo hili, huu si ule mchezo wa kubonyezabonyeza vitufe ambao sisi tuliufahamu utotoni. Usukani una mota ndani yake. Gurudumu likipanda ukingo wa barabara, mkono unaumia. Breki ukiikanyaga kupita kiasi, matairi yanashika na gari linateleza. Viwanja vimepimwa kwa mionzi ya leza, hata bonde dogo la lami limo. Mchezo anaoucheza unaitwa iRacing, ulianza mwaka 2008, na wanaoshindana ni watu hai, kila mmoja yuko kwake, wameunganishwa kwa intaneti. Saa nane za usiku kwetu ni jioni ya Jumamosi kule Marekani, ndipo watu wanapokuwa wengi. Ndiyo maana kijana anakesha.

Nikamwuliza, mbona usishindane na gari lenye nguvu? Akacheka. Akasema kila anayeingia huanza na leseni ya mwanafunzi, na magari madogo yanayofanana, kama Mazda MX-5. Hakuna kununua ushindi. Gari lako na la jirani yako ni mamoja. Kinachokupandisha daraja si kasi peke yake. Kuna hesabu ya makosa. Ukitoka nje ya barabara, pointi moja. Gari likikushinda likazunguka, pointi mbili. Mkigongana kwa nguvu, pointi nne. Na leseni inapimwa kwa idadi ya kona ulizopita salama kwa kila kosa.

Nikamwuliza kama mwanasheria: na aliyegongwa je? Akajibu, "Na yeye anapewa nne, mjomba. Mchezo hauulizi nani mwenye kosa."

Hapo nilinyamaza kidogo. Mwanzoni nikaona ni uonevu. Kisha nikakumbuka barabara zetu. Ni mara ngapi tumesimama kando ya njia, daladala na bodaboda zimegongana, watu wanabishana nani alikuwa na haki ya kupita, na huku majeruhi amelala chini? Aliyekuwa na haki amevunjika mguu sawasawa na asiyekuwa na haki. Kijana huyu amefundishwa na mchezo jambo ambalo mimi sikufundishwa nilipojifunza udereva: kwamba kazi yako si kuwa na haki, kazi yako ni kufika.

Na hivyo ndivyo alivyoshinda. Uwanja wa Lime Rock ni mfupi, kama kilomita mbili na nusu hivi, na mzunguko mmoja huchukua kama dakika moja. Alianza wa tano. Akawapita wawili kwa makosa yao wenyewe. Ikabaki mizunguko miwili, wawili wa mbele wakawa wanabanana. Mtu mwenye haraka angejitia katikati. Lakini ujumbe kutoka kompyuta yake hadi kule na kurudi huchukua karibu robo ya sekunde, kwa hiyo gari analoliona mbele yake huenda lisiwe pale kabisa anapoliona. Anayeishi mbali lazima aache nafasi. Akaacha nafasi. Wale wawili wakaingia kona ya kwanza ubavu kwa ubavu, hakuna aliyekubali, wakagusana wakatoka nje wote. Yeye akapita katikati ya vumbi.

"Mjomba, mimi sikuwapita," aliniambia. "Walijipita wenyewe."

Huo ndio ushindi wake wa kwanza. Hakuna kombe wala hundi. Jina lake limeandikwa juu ya majina mengine, basi.

Najua msikilizaji mmoja anasema moyoni: mtangazaji huyu ameishiwa habari, anatuletea michezo ya watoto. Hebu basi tuangalie watu wazima. Tarehe 22 Machi 2020, mashindano ya NASCAR ya Marekani yalikuwa yafanyike uwanja wa Homestead-Miami, Florida. Korona ikafunga viwanja. Siku ile ile madereva wakaketi majumbani mwao, wakashindana katika Homestead ya kwenye kompyuta, na mbio zikaonyeshwa kwenye televisheni. Yalikuwa ya kwanza ya aina yake kwao. Aliyeshinda ni Denny Hamlin, mtu ambaye mwezi mmoja tu nyuma alikuwa ameshinda Daytona 500 yenyewe. Alimpita Dale Earnhardt Jr. mwishoni kabisa, naye akafurahi kama mpwa wangu.

Mwezi uliofuata, katika mbio za Talladega za kompyuta, Hamlin huyo huyo alishindwa kuendelea kwa sababu binti yake mdogo alishika rimoti akamzimia skrini. Dunia nzima ilicheka. Nami nilicheka niliposoma. Kisha nikakumbuka swichi kubwa, kicheko kikaniishia. Yule alikuwa mtoto mdogo anayecheza. Mimi nilikuwa mzee wa nyumba.

Na wapo ambao ushindi wa namna hii uliwafungulia mlango. Mwaka 2008 kampuni za Nissan na Sony zilianzisha shindano la GT Academy, kwa kutumia mchezo wa Gran Turismo, ule uliotoka Japani mwaka 1997. Nissan ni wale wale ambao magari yao tuliyajua kwa jina la Datsun, na ambayo Shekhar Mehta alishinda nayo Safari Rally mwaka 1973. Mshindi wa kwanza wa GT Academy alikuwa mwanafunzi wa biashara kutoka Hispania, Lucas Ordóñez. Januari 2009 alikuwa ndani ya gari la kweli katika mbio za saa 24 za Dubai. Mwaka 2011 yeye na wenzake wakashika nafasi ya pili katika daraja la LMP2 kule Le Mans, Ufaransa.

Mwaka huo huo wa 2011 akashinda kijana wa miaka 19 aliyekulia Cardiff, Wales, aitwaye Jann Mardenborough, kati ya maelfu kwa maelfu waliojaribu. Mwaka 2013 naye alipata nafasi ya tatu kule Le Mans katika daraja hilo hilo, akiwa na Ordóñez na Michael Krumm.

Jambo la maana hapa ni hili. Mbio za magari tangu zamani ni mchezo wa wenye fedha. Mtoto huanza na vigari vidogo akiwa na miaka saba au minane, na baba hulipa matairi, mafuta, fundi na safari kila wiki. Mtoto wa fundi cherehani anaishia kushika wavu akitazama. Kompyuta haikuuondoa ukuta huo, maana usukani nao unauzwa, na intaneti si bure. Mpwa wangu aliweka akiba mwaka mzima kwa vibarua vya kufunga nyaya za umeme. Lakini ukuta umepungua kimo. Sasa mtu mrefu akinyoosha shingo anaona ng'ambo.

Lakini nisije nikawadanganya. Tarehe 28 Machi 2015, kule Nürburgring, Ujerumani, gari la Mardenborough lilinyanyuka mbele, likapaa, likavuka uzio, na mtazamaji mmoja akafariki. Yeye alitoka akiwa hai. Mwaka 2023 ilitoka filamu juu ya maisha yake, na watengenezaji wakaiweka ajali hiyo kabla ya Le Mans, ili ushindi uonekane kama faraja. Kwa kweli Le Mans ilikuwa 2013, ajali ikafuata miaka miwili baadaye. Mimi kama mwanahabari napenda mambo yakae kwa mpangilio wake. Ajali haikuja kumfundisha kushinda. Ilikuja tu, kama zinavyokuja ajali, na mtu aliyekwenda kutazama mbio hakurudi kwake.

Nilimweleza mpwa wangu habari hiyo. Alikuwa anaijua. Akasema, "Ndiyo maana nahesabu pointi, mjomba. Pale kwenye kompyuta kuna kitufe cha kuanza upya. Barabarani hakuna."

Msikilizaji, mimi ni wa kizazi cha ringi la baiskeli na kijiti. Tulitengeneza magari ya waya na makopo, matairi ya kandambili zilizokatika, na injini tuliinguruma kwa midomo mpaka mate yakatukauka. Tulikata kona za vichochoro tukijiona tumo katika Safari Rally. Mama zetu walituita tukateke maji, tukaenda tunanguruma na ndoo kichwani. Hakuna aliyetuambia tumepotea. Sijui kwa nini, baada ya sisi kukua, tuliamua kwamba mchezo ulikuwa halali kwetu tu.

Sisemi kila kijana anayekesha mbele ya skrini aachwe. La hasha. Wapo wanaokesha kwa kamari, wapo wanaokesha kwa mambo nisiyoweza kuyataja katika redio. Mzazi ana haki ya kuujua mwanga ulio chini ya mlango. Lakini kuujua ni kugonga mlango na kuuliza. Mimi sikugonga. Nilikwenda kwenye swichi, kwa sababu swichi haihitaji mazungumzo.

Nimefikiria pia ukimya wake asubuhi ile. Kijana wa watu amekaa mezani, amekunywa chai, ameniamkia shikamoo kama kawaida, akaniuliza kama nimelala salama. Moyoni amebeba mizunguko miwili niliyomnyang'anya. Angekuwa amefungiwa ndani ya mpira wa miguu, timu ya mtaa, ningejua jina la kipa wao. Kwa kuwa ushindi wake ulikuwa mahali nisipopaona, niliona haupo.

Basi mbele yenu nyote namwomba radhi. Nimekwisha mwomba nyumbani. Lakini kosa langu nilimsimulia kwanza jirani kama kichekesho, kwa hiyo msamaha nao ufike hadharani. Tumekubaliana hivi: mbio ni Jumamosi usiku peke yake, uniti anachangia, na kelele za ushindi zitatolewa kwa kunong'ona. Jumamosi hii ana mbio nyingine. Ameniwekea kigoda pembeni ya meza. Ameniambia kazi yangu ni moja tu, kukaa mbali na ukuta wenye swichi.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Alamsiki.