Kuvua Kamba kwa Kimia katika Maji ya Kilindi
(Maneno ya hotuba kwa wavuvi wa siku za mapumziko wa Makadara, Mombasa)



Jioni, maji yanapotulia, mtu asimamaye karibu na Bandari ya Zamani huweza kuona jambo lililowashangaza wengi. Mvuvi amesimama omoni mwa mtumbwi wake, kimia kiko begani. Anakizungusha na kukirusha. Kinafunguka hewani kama sinia na kuanguka juu ya maji duara kamili. Hata mzee aliyezaliwa pwani hawezi kutia ila katika mtupo ule. Lakini kimia kikivutwa, kinakuja kitupu. Anatupa tena, na tena, mpaka bega linamwuma. Akienda upande wa mikoko, mahali ambapo maji yanamfika kiunoni, kimia kile kile kinampa kamba. Basi hurudi nyumbani akisema kwamba kilindini hamna kamba.

Kamba wamo. Kimia ndicho ambacho hakikuwafika.

Yafaa kwanza kukumbuka kimia ni kitu gani. Ni wavu wa duara unaotupwa kwa mkono. Pembezoni pana vipande vya risasi, na katikati pana ugwe wa kuvutia. (Wengi huuita ugwe huo kamba, lakini kwa kuwa kamba ndiye anayewindwa, afadhali kila mmoja abaki na jina lake.) Kimia si kama jarife, ambalo hutegwa na kungojewa, wala si kama juya, ambalo lataka kundi zima la watu wa kulivuta. Mtu mmoja hukimudu. Ndiyo sababu kimependwa na karani, mwalimu, fundi na mfanyakazi wa bandarini, ambao kazi yao ya wiki nzima si uvuvi, nao wataka saa mbili za kupumzisha akili pamoja na kitoweo cha nyumbani.

Katika maji ya kiunoni kimia hufika chini kwa muda wa kuvuta pumzi moja, nacho kingali wazi. Katika pima tano mambo hugeuka. Risasi huvuta kwenda chini, na maji yapitayo katika matundu huusukuma uzi kwenda juu. Wavu hubururwa nyuma ya risasi, nao huzivuta risasi zote kuelekea katikati, kidogo kidogo, mpaka duara lililokuwa na upana wa chumba huwa na upana wa ndoo. Kikifika mchangani kimekwisha jifunga kama mwavuli. Kamba aliye chini husikia risasi zikigonga kando yake, hupiga mkia, huruka kinyumenyume na kwenda zake.

Dawa ya jambo hili si nguvu za mkono. Ni namna kimia kilivyotengenezwa. Kilindini hapana budi risasi ziwe nzito kuliko za kimia cha ufuoni, ili kishuke upesi kabla hakijapata nafasi ya kujifunga. Matundu nayo yawe makubwa, kwa kuwa kimia cha dagaa, chenye matundu madogo, huzuiwa na maji kama kitambaa. Matundu makubwa yana faida nyingine, nayo itatajwa baadaye.

Dawa ya tatu imetoka mbali. Katika pwani ya kusini-mashariki ya Marekani, kwenye majimbo kama South Carolina na Georgia, kuvua kamba kwa kimia ni mchezo wa watu wengi sana, na wapo wanaotupa katika mashimo ya kilindi. Hao hubandika utepe mpana wa plastiki wenye gundi, ule ambao mafundi huutumia kuzibia mabomba, juu kidogo ya mstari wa risasi, ndani na nje ya wavu, kukizunguka kimia chote. Upana wake ni kama vidole vitatu au vinne. Utepe haupitishi maji. Kimia kikishuka, maji huusukuma kwenda nje kama upepo usukumavyo tanga, na ukingo hubaki umetanuka mpaka chini. Kwa mtu aliyerithi kimia cha babu yake jambo hili laonekana kama kukiharibu, na kwa kweli kimia kilichobandikwa hakipendezi macho, wala hakirushiki kwa wepesi ule wa zamani. Mwenye uwezo na awe na vimia viwili, kimoja cha ufuoni na kimoja cha kilindi.

Hata kimia kilichotengenezwa vizuri hushindwa na mkondo. Mathalan, ikiwa kimia huzama pima moja kwa kila sekunde 3, kitataka sekunde 15 ili kifike pima tano. Mkondo wa noti moja husogeza kitu kiasi cha nusu mita kila sekunde. Basi kimia hicho kitaangukia zaidi ya mita 7 mbali na pale kilipotupwa, na ikiwa mtumbwi umetia nanga, ugwe utakazika kwa mshazari, utakinyanyua kimia katikati na kukifunga kabla hakijagusa chini. Mvuvi apaswa kuuachia ugwe uende wenyewe, ukiwa legevu, mpaka ausikie umetulia mkononi. Hapo ndipo avute mara moja kwa nguvu ili risasi zikutane, kisha apokezane mikono taratibu bila kusita.

Hapa Mombasa mkondo si jambo dogo. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, na maji mengi yaingiayo katika hori ya Tudor hupita kwenye mlango mwembamba ulio kati ya Mji wa Kale na Nyali. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua hata kukaribia mita 1. Kwa hiyo mwanafunzi wa kilindi na aanze wakati wa maji mafu, tena katika kile kipindi kifupi ambapo maji yamesimama, hayajai wala hayapwi. Wazoefu hupenda usiku, kwa kuwa aina nyingi za kamba hujifukia mchangani mchana na hutoka giza liingiapo; lakini usiku si saa ya kujifunza.

Kuna wanaouliza kwa nini mtu ajisumbue hivyo, hali kamba wa mikokoni hupatikana kwa urahisi. Jibu limo katika maisha ya kamba mwenyewe. Kamba hutaga mayai baharini. Watoto wake, wadogo kiasi cha kutoonekana vizuri kwa macho, huchukuliwa na maji mpaka ndani ya hori, nao hukaa huko miezi kadhaa wakila na kujificha katika mizizi ya mikoko. Wakisha kukua huteremka na maji, hupita kilindini na kurudi baharini ili nao wakatage. Maisha hayo yote aghalabu hayazidi miaka miwili. Basi atupaye kimia cha matundu madogo mikokoni hujaza kikapu kwa watoto, ambao kama wangaliachwa miezi michache wangalikuwa na uzito mara nyingi zaidi. Ni kweli kwamba wa kilindini ndio watakaokuwa wazazi, wala si haki kuwamaliza. Lakini mtu mmoja mwenye kimia cha matundu makubwa hachukui ila wachache, na wadogo hupita.

Mikoko yenyewe imepata hasara kubwa. Katika hori ya Tudor sehemu kubwa imetoweka tangu miaka ya 1990, kwa kukatwa kuni na boriti, na kwa matope yaliyoletwa na mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Na maji machafu ya mji yangali yakimiminika humo. Mahali palipopungua malezi namna hii, kuwavua watoto ni kuongeza msiba.

Jambo la kiasi limekwisha kuleta ugomvi katika pwani hii. Huko Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, wavuvi wadogo waligombana miaka mingi na meli zikokotazo nyavu za kamba, hata kazi ya meli hizo ikasimamishwa mwaka 2006. Ziliporudi mwaka 2011 ziliwekewa masharti, miongoni mwayo kutovua karibu na pwani, na kupumzika kuanzia Novemba hadi Machi. Wala wavuvi wa mapumziko hawaachwi huru kila mahali: wale wa South Carolina wanaowavuta kamba kwa chambo huruhusiwa siku 60 tu kwa mwaka, na chombo kimoja hakiruhusiwi kuchukua zaidi ya kiasi cha lita 45 za kamba kwa siku. Mvuvi wa Makadara, kabla hajaingia majini, na aulize kwa maofisa wa uvuvi na kwa kikundi kinachosimamia ufuo wake ni ruhusa gani itakiwayo. Tena aangalie kimia chake. Vimia vingi viuzwavyo ng'ambo ni vya nailoni ya uzi mmoja, ile iliyo angavu kama kioo, na nyavu za namna hiyo zimekatazwa na sheria za uvuvi za Kenya, hata kama kimeletwa zawadi na ndugu aliye baharia.

Sasa kuna desturi moja ambayo ingefaa iachwe kabisa. Watupao kimia ufuoni hufunga kitanzi cha ugwe katika kifundo cha mkono, ili kimia kisipotee. Ufuoni hakuna madhara. Kilindini, kimia kizito kikinasa katika mwamba huku mtumbwi ukichukuliwa na maji, kitanzi hukaza, na mtu hutolewa chomboni kabla hajapata kusema neno. Kitanzi hicho na kifungwe katika boya dogo: kimia kikinasa, ugwe huachwa, na maji yakitulia boya huonyesha mahali pake. Ugwe wenyewe uwe na urefu wa kina cha maji na nusu yake tena. Kisu kiwe kiunoni, vazi la kuokolea liwe mwilini, na asiende mtu peke yake. Thamani ya kimia hailingani na ya baba wa watoto.

Mahali pa kutupa nako kwataka busara. Kilindini, bandari ambayo jina lake lenyewe latokana na kilindi, ni njia ya meli kubwa, na mlangoni mwake hupita vivuko vya Likoni. Meli haiwezi kusimama ghafula kwa ajili ya mtumbwi. Na mbele ya Ngome ya Yesu yamelala mabaki ya meli ya Wareno, Santo António de Tanna, iliyozama mwaka 1697 wakati Waomani walipoizingira ngome. Wapiga mbizi waliyafukua mabaki hayo kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, na vitu vingi walivyovitoa vimewekwa katika jumba la makumbusho humo ngomeni. Mbao zilizobaki chini ni urithi wa nchi, wala hazikuwekwa pale ili zitungwe risasi za vimia.

Kamba akishapatikana, joto la Mombasa ndilo adui wake. Akiachwa juani ndani ya mtumbwi, kichwa huanza kuwa cheusi na nyama hulegea hata kabla ya kufika sokoni. Chombo na kiwe na sanduku la barafu iliyochanganywa na maji kidogo ya bahari, na kamba atiwe humo mara atokapo wavuni. Akifika jikoni Makadara angali mgumu, mpishi hatakuwa na shaka juu ya tui lake. Kimia nacho kioshwe kwa maji baridi ya bomba usiku ule ule, kianikwe kivulini, na utepe ulioanza kubanduka ubandikwe upya kabla ya Jumamosi nyingine.