Somo la Redio: Kuchagua Raba ya Kibao cha Mpira wa Meza

Ninyi mlioko darasani Kiongoroni, na ninyi nyote wa Delta ya Rufiji na Kibiti, sogeeni karibu na redio. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: RABA, SPONJI, NUKTA.

Leo tutazungumza juu ya mpira wa meza. Tuseme kijiji chenu kimechanga fedha ya kuwanunulia vijana vibao viwili vya kuchezea. Fedha hiyo imetoka katika kamba na mpunga. Ni jasho la watu. Mkinunua vibao visivyofaa, kipira kitaruka nje ya meza kila mara, vijana watachoka, na fedha itakuwa imepotea. Basi yafaa anayetumwa dukani ajue la kutazama.

Kibao ni mti, na juu ya mti huo hubandikwa raba. Chini ya raba mara nyingi pana sponji. Kipira kikigonga, huzama kidogo katika sponji, na sponji hukisukuma kirudi. Sponji nene hukisukuma kwa nguvu. Sponji nyembamba hukisukuma kwa upole. Anayejifunza anahitaji upole huo, ili mkono wake ndio ukitawale kipira. Hata baharini, mwanafunzi wa ngalawa hapewi tanga kubwa siku ya kusi.

Mwaka 1952, mjini Bombay, Hiroji Satoh wa Japani alitwaa ubingwa wa dunia kwa kibao chenye sponji nene. Wapinzani wake walizoea kusikia mlio wa kipira kikigonga kibao. Kwake hawakuusikia mlio ule, na kipira kilikuja kwa namna wasiyoijua. Mwaka 1959 kanuni za kimataifa ziliweka mpaka: raba pamoja na sponji yake isizidi milimita 4. Mpaka huo ungalipo hata leo.

Sasa tazameni hesabu. Raba ikiuzwa peke yake, unene wa sponji huandikwa kwenye pakiti kwa milimita. Mathalani 1.5; tunasoma moja nukta tano. Au 2.1; tunasoma mbili nukta moja. Ipi ndogo? Ni 1.5. Tazama kwanza nambari iliyo kushoto kwa nukta: 1 ni ndogo kuliko 2. Msidanganywe na ile 5. Anayejifunza achague kati ya 1.5 na 1.8. Ukiona herufi M-A-X, hiyo ni nene kabisa, iache. Mwenye duka akisema, "Hii ndiyo ya mabingwa," mjibu kwa adabu, "Ahsante, ndugu, lakini sisi tungali tunajifunza."

Je, kama raba imekwisha kubandikwa, na unene haukuandikwa? Laza vibao viwili mezani. Angusha kipira juu ya kila kimoja kutoka kimo kile kile. Kibao ambacho kipira huruka kidogo juu yake ndicho cha polepole. Chukua hicho.

Mkishanunua, tunzeni. Vumbi na jasho huifanya raba iteleze, na raba inayoteleza haikishiki kipira. Baada ya mchezo ipanguseni kwa kitambaa safi chenye maji ya mvua kidogo. Msitumie maji ya chumvi, kwani yakikauka huacha chumvi juu ya raba. Wala msikiache kibao juani. Jua huikausha raba ikaharibika.

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini sponji nyembamba yamfaa anayejifunza?
2. Ipi nene zaidi, 1.8 au 2.0? Isomeni kwa sauti.
3. Katika darasa lenu, mtamtuma nani dukani, na kwa nini?

Jibuni kwa kuandika katika madaftari yenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.