VIZA SI UKAAZI: NASAHA KWA WANAOKWENDA MASOMONI CHINA

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wanaojitayarisha kwa masomo ya muda mrefu nje ya nchi



Tangu mwaka 1964, madaktari kutoka Jimbo la Jiangsu nchini China wamekuwa wakija kutoa huduma katika hospitali za Visiwa hivi, Unguja na Pemba. Njia hiyo ina pande mbili: vijana na watumishi wa Visiwani nao huelekea China kusomea udaktari, uhandisi, uvuvi na fani nyenginezo. Wengi hurudi na shahada zao kwa salama. Wapo hata hivyo wanaoingia katika usumbufu mkubwa, si kwa kushindwa masomo, bali kwa kutozifahamu karatasi wanazozichukua mkononi.

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba viza ni ruhusa ya kuufikia mlango na kuingia. Kibali cha ukaazi ndicho ruhusa ya kuishi ndani. Anayekwenda kusoma kwa zaidi ya siku 180 hupewa viza ya aina ya X1. Anayekwenda kwa siku zisizozidi 180 hupewa ya aina ya X2. Ombi la X1 huambatana na barua ya udahili ya chuo, fomu ya JW201 au JW202, na fomu ya uchunguzi wa afya. Pasipoti nayo iwe na uhai wa kutosha. Mtumishi anayekwenda kwa masomo ya miaka 4 ilhali pasipoti yake imebakisha mwaka 1 hana budi kuishughulikia kabla ya kuondoka, kwani kibali cha ukaazi hakiwezi kuupita uhai wa pasipoti.

Katika viza ya X1, sehemu ya siku za kukaa huandikwa sufuri tatu: 000. Wako wanaodhani ni kosa la uchapaji, na wako wanaodhani ni ruhusa isiyo na kikomo. Dhana zote mbili si sahihi. Maana yake ni kwamba viza hiyo peke yake haimpi mwenyewe siku za kuishi, na kwamba anatakiwa aombe kibali cha ukaazi katika ofisi ya usalama wa umma ya mji anaosoma ndani ya siku 30 tangu siku aliyoingia. Ndivyo inavyoelekeza Sheria ya China ya Kutoka na Kuingia Nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013.

Siku 30 ni chache kuliko zinavyosikika. Mwanafunzi aliyeingia tarehe 5 Septemba, siku zake humalizikia katika wiki ya kwanza ya Oktoba, na tangu tarehe 1 Oktoba China huwa katika mapumziko ya Siku ya Taifa, ofisi zikiwa zimefungwa. Kabla ya hapo chuo kinapaswa kumwandikia barua, na huenda akatakiwa kurejea uchunguzi wa afya. Anayeanza kushughulika wiki ya nne huwa amekwisha kuchelewa. Inapendekezwa kila msafiri aianze kazi hiyo katika wiki yake ya kwanza.

Kuna pia wajibu wa kujiandikisha. Mgeni anayelala katika hoteli huandikishwa na hoteli. Anayelala pengine popote, yeye mwenyewe au mwenyeji wake lazima atoe taarifa kwa polisi wa eneo hilo ndani ya saa 24. Wanaokaa katika mabweni kwa kawaida husaidiwa na chuo. Taabu huwapata wanaohama bweni na kupanga chumba mtaani bila ya kumwarifu yeyote. Adhabu yake ni onyo, na faini inaweza kufikia yuan 2,000.

Aidha, viza ya X1 mara nyingi huwa ya kuingia mara moja tu. Anayekwenda kutembea Hong Kong au Macau kabla ya kupata kibali cha ukaazi huhesabiwa ametoka, na viza yake imekwisha kazi. Atalazimika kuomba nyengine ili arejee darasani.

Ama kuhusu kurefusha muda, sheria inataka maombi ya kurefusha kibali cha ukaazi yapelekwe siku 30 kabla ya kibali kumalizika. Kwa yule aliye na viza ya muda mfupi, ni siku 7 kabla. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwenye kibali kinachomalizika tarehe 10 Septemba anatakiwa awe amekwisha kuomba ifikapo tarehe 11 Agosti, wakati ambao vyuo vimo katika likizo ya kiangazi na mtia saini wa barua huenda hayupo. Kwa hivyo barua ya chuo itafutwe mwezi Juni, kabla wakuu hawajatawanyika. Pasipoti ikishapokelewa, mwombaji hupewa stakabadhi, na uamuzi hutolewa ndani ya siku 15. Katika siku hizo asikate tiketi ya kurudi nyumbani, kwani pasipoti yake haimo mkononi.

Anayepitisha muda hupewa onyo. Ikiwa kosa ni kubwa, hutozwa yuan 500 kwa kila siku hadi jumla ya yuan 10,000, au huwekwa kizuizini kwa siku 5 hadi 15. Anayerejeshwa kwao kwa amri ya dola anaweza kuzuiwa kuingia tena kwa mwaka 1 hadi 5, na anayefukuzwa kabisa ni miaka 10. Kwa mwanafunzi wa udaktari aliyebakisha mwaka mmoja, adhabu hiyo ni sawa na kupoteza miaka yote aliyosoma. Na hospitali inayomngojea nayo hubaki bila ya daktari. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jambo jengine ni kazi za ziada. Kibali cha masomo si kibali cha ajira. Mwanafunzi anaweza kufanya kazi ya muda kwa idhini ya chuo, nayo ikaandikwa katika kibali chake. Anayefundisha au kufanya biashara ya malipo bila ya idhini huhesabiwa ameajiriwa kinyume cha sheria, na faini yake ni kati ya yuan 5,000 na 20,000.

Watumishi wa Serikali wana jukumu la ziada. Ruhusa ya masomo inayotolewa na mwajiri, muda wa ufadhili na muda wa kibali ni tarehe tatu tofauti. Masomo yakirefuka, mtumishi aombe kwanza kuongezewa ruhusa kazini na ufadhili, kwani chuo na ofisi ya usalama wa umma huangalia nani atakayemlipia mwanafunzi katika muda anaouomba. Kuiandikia Wizara wakati kibali kimebakisha siku tatu ni kuipa Wizara mzigo isioweza kuubeba.

Wazazi nao wanaombwa wawe na nakala ya pasipoti, viza na kibali cha mtoto wao, na wazijue tarehe zake. Likitokea tatizo, pahala pa kukimbilia ni ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo, na Ubalozi wa Tanzania mjini Beijing. Wakala wa mtaani anayeahidi kutengeneza mambo kwa fedha si pahala pa kukimbilia.

Kila anayeondoka aandike tarehe nne katika daftari lake: ya kuingia, ya kumalizika siku 30, ya kumalizika kibali, na ile iliyo siku 30 kabla yake. Tarehe hizo zikichungwa, kazi iliyobaki ni kusoma.