Kabla ya kulipa parsele, pima kwanza mpaka ku mto



Najua wengi mulikuja kusikia maneno ya kura. Leo tunazungumuza juu ya udongo, kwa sababu kila mumoja hapa iko na ndugu, ao yeye mwenyewe, mwenye kulipa parsele kidogo kidogo ku njia ya Kasenga, ku njia ya Kipushi ao kule Kalebuka.

Watu wanatuambia: « Ninyi munalinda miti, sisi tunatafuta pa kulala. » Hapana. Sheria ya misitu ya tarehe 29 mwezi wa munane 2002 haikatazi mutu kujenga. Inasema usikate miti kwa metre 50 kila upande wa mto, wala kwa metre 100 kuzunguka chemchemi. Mwenye kukata msitu wenye kupita hekta mbili anapaswa kuwa na ruhusa ya gavana. Tena apande msitu mwingine wa ukubwa ule ule, kwa feza yake mwenyewe.

Sasa tuangalie namna inapita. Mutu anafika mu pori, anakata yote, makala anauzisha, kisha anapima parsele mpaka ku maji. Wewe unalipa, chefu anakuandikia karatasi, unafurahi. Mvula ya mwezi wa kwanza inakuja, miti yenye kushika udongo haiko tena, na mto unaingia mu salon. Na siku serikali itakuja kubomoa, itakuonyesha ile ile sheria ya 2002 yenye hakuna mutu alikusomea siku ya kulipa. Mwenye kukuuzia hataitwa. Kumbuka pia sheria ya udongo ya 1973: udongo ni wa serikali, na haki yako inasimama paka kwa sertifika ya konservatere. Karatasi ya chefu haifike pale.

Lakini tusidanganyane, sisi pia tuko na mukono ndani. Tofari tunatoa mu kichuguu, tunalichoma na kuni za pori, mimi pia nilichoma yangu. Nyumba moja inakula miti pa kusafisha kiwanja, inakula pa tofari, inakula tena pa mbao. Mukula, ule muti mwekundu wenye maloli ilikuwa inabeba, dunia iliuandika mu liste ya CITES 2019. Mwenye kupima parsele akiukuta, anauona kama feza ya bure. Na mama mwenye alikuwa anaokota bowa, masuku na vinkubala karibu na nyumba, leo anavinunua ku soko.

Kwa hiyo tunaomba burgumestre na gavana watundike ku commune, mbele ya watu wote, kila ruhusa ya kukata msitu yenye ilitolewa kwa kugawanya parsele: jina, mahali, hekta ngapi, na miti itapandwa wapi. Kama ruhusa haiko, parsele isiuzwe.

Na wewe mununuzi, kabla ya kutoa hata franka moja, uliza ile ruhusa. Muuzaji akikasirika, umeisha kupata jibu.

Siku ya posho, saa mbili ya asubui, tunaenda kupima pembeni ya Kafubu. Mwenye iko na kamba ya metre 50 alete, yetu ilikatika.